Nimefika mwisho wa marathoni lakini jina langu halipo kwenye matokeo, je nina haki ya kutamba?

Shikamoo dada. Naomba usitaje jina langu wala ninapoishi maana shemeji yangu naye ni msomaji wa safu hii, akijua ni mimi nitakuwa nimeongeza tatizo juu ya tatizo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, nimeolewa, nina watoto wawili na kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti kutwa nzima. Huko nyuma nilikuwa mtu ambaye nikipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu lazima nisimame katikati nijifanye naangalia simu kumbe natafuta pumzi. Daktari akaniambia presha inapanda, nisipojishughulisha nitaanza vidonge mapema. Ndo nikaanza kutembea jioni, kutembea kukawa kutembea na kukimbia kidogo, mara nikajikuta nimejiunga na klabu ya joging, mara nimekimbia nusu marathoni, na mwaka huu nikajiandikisha marathoni kamili. Kila mtu aliona nimechanganyikiwa. Mume wangu alisema tu "we si unajua mwenyewe", hakunizuia ila na kunisindikiza hakunisindikiza.

Sasa zile mbio zilikuwa na muda wake, unatakiwa umalize ndani ya masaa sita, tuliambiwa mapema na kwenye fomu imeandikwa, sijifanyi sikujua. Mimi nakimbia kwa kuchanganya, nakimbia dakika kadhaa natembea moja, ndivyo nilivyofundishwa klabuni. Mpaka kilomita ya 25 nilikuwa vizuri kabisa na muda ulikuwa unatosha, baada ya hapo goti la kushoto likaanza na nikawa natembea kuliko kukimbia. Kwenye kilomita ya 33 hivi likaja lile gari linalopita nyuma kubeba waliobaki, kijana akashuka akaniambia kwa heshima kabisa, mama kwa mwendo huu hutofika ndani ya muda na barabara inafunguliwa sasa hivi, panda gari, au kama unataka kuendelea toka barabarani upite pembeni na waenda kwa miguu ila ujue kuanzia hapa unaenda kwa hiari yako. Nikamwambia naendelea.

Dada, zile kilomita za mwisho sitaki hata kuzielezea. Meza za maji zimeshaondolewa, magari yanapiga honi, watu wanapishana na mimi wananishangaa huyu mama na namba kifuani anatafuta nini saa hizi. Nilikuwa naongea peke yangu, sijui hata nilikuwa nasema nini. Nilipofika kwenye ule mstari geti limeshatolewa upepo na vijana wanakunja mabango. Saa yangu ya mkononi ilisoma masaa sita na dakika 24, na umbali ni 42 na ushee. Kulikuwa na binti wa kujitolea anafunga maboksi ya medali, akaniangalia, akafungua boksi moja akanivisha. Hakuniuliza kitu chochote. Nililia pale pale mbele yake.

Jioni nikaposti picha nimevaa medali, nikaandika "Marathoni imeisha, Mungu ni mwema". Watu wakafurahi, pongezi zikamiminika, kwenye grupu la familia ndo usiseme. Kesho yake asubuhi mdogo wake mume wangu, ambaye ni mkimbiaji mzuri kweli kweli, anakimbia hizo mbio kwa masaa matatu na kitu, akatupia kwenye grupu ukurasa wa matokeo na kuandika "Shem mbona jina lako silioni?" na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Basi grupu zima kimya. Mume wangu nimeona kabisa amesoma, hajajibu mpaka leo. Baadaye nilipokutana na shemeji akaniambia hana ubaya, ila marathoni ina sheria zake, mtu aliyepitwa na muda hajamaliza, na isitoshe "nusu yake ulitembea shem, tuseme ukweli". Akasema watu wanaamka alfajiri miaka na miaka ili waweze kusema neno hilo moja, halafu mtu anakuja analiokota tu.

Kilichonisukuma kukuandikia ni cha ofisini. Watu wa rasilimali watu waliona ile picha, wanataka niandikwe kwenye jarida la kazini na nisimame kwenye siku ya afya niongee kama mfano wa kuigwa. Wanataka jibu Ijumaa. Moyo mmoja unasema nenda, maana mimi maisha yangu yote sijawahi kuwa na kitu cha kujisifia, shule nilikuwa wa katikati, kazini wa katikati, hata nyumbani kwetu ni mtoto wa katikati. Na mama alitulea na ule msemo wake kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ukiona mtu anajitangaza ujue hana kitu. Moyo mwingine unasema wewe ni tapeli, rudisha medali ya watu, futa ile posti na unyamaze.

Je dada, nina haki ya kujisifu au sina? Na hiyo medali ni yangu?

Mimi mdogo wako, mwenye goti.

*

Marahaba mdogo wangu. Pole na goti, na hongera, hii naitoa mapema kabisa kabla hatujaanza kubishana maana naona tangu lile grupu linyamaze hakuna aliyekupa tena.

Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja. Unauliza kama una haki ya kujisifu, na unauliza kama vile kuna mtu mahali fulani amekaa na mhuri, akiugonga una haki, asipogonga huna. Ukiniruhusu nitakwambia kwamba ninavyoona mimi umefunga vitu kadhaa kwenye fundo moja, kuna umbali ulioupita kwa miguu yako, kuna orodha ambayo jina lako halipo, na kuna mume aliyesoma akakaa kimya. Huo wa tatu umeuandika kwa sentensi moja tu ukapita haraka, ila nina wasiwasi kwamba ndo mzito kuliko yote. Tutaufikia.

Tuanze na orodha. Ule muda wa mwisho unawekwa kwa sababu barabara lazima zifunguliwe, askari na manesi wana muda wao wa kazi, na waliojitolea wamesimama tangu usiku. Haupimi marathoni ni nini. Ndio maana kila mbio zina wake. Chicago wanatoa masaa sita na nusu, maana yake wewe na masaa yako sita na dakika 24 kule ungekuwa kwenye orodha na medali yako mkononi bila mtu kuuliza kitu. Honolulu hawana muda wa mwisho kabisa. Miguu ile ile, goti lile lile, umbali ule ule wa kilomita 42.195, huku umo kwenye orodha na kule haumo. Kwa hiyo mtu akikuambia muda wa mwisho ndo unaoamua nani amepita kilomita 42 na nani hajapita, hapo anachanganya mambo.

Lakini sitaki utoke hapo unashangilia, kwa sababu hizo mbio ulizokimbia wewe zilikuwa na masaa sita na fomu uliisaini. Kuna watu waliopita mstari dakika moja kabla muda haujaisha, wamejikamua mpaka tone la mwisho ili wauwahi, na orodha ile ni yao. Shemeji yako kwenye orodha yupo sahihi, na wewe mwenyewe unajua yupo sahihi ndo maana limekuuma hivyo. Maswali ni mawili mbali mbali. Je umemaliza mbio zile rasmi? Hapana. Je umeenda kilomita 42 kwa miguu yako bila kubebwa? Ndiyo. Hayo majibu yote yanaweza kukaa pamoja bila moja kulifukuza jingine, tabu inaanza pale sentensi yako fupi inapomfanya msikilizaji asikie ndiyo mbili.

Kuhusu kutembea sitapoteza muda mwingi. Hakuna kanuni ya marathoni inayokataza kutembea. Jeff Galloway wa Marekani, ambaye mwenyewe alikimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya 1972, amefundisha watu wengi sana huo mtindo wa kukimbia na kutembea kwa kupangilia, ndo huo huo wa klabuni kwenu. Hapo shemeji kachokoza tu.

Sasa nikupeleke pembeni kidogo, maana hili lako ni la zamani kuliko unavyodhani. Mwaka 1980 kwenye marathoni ya Boston mwanamke anaitwa Rosie Ruiz alivuka mstari wa kwanza kwa upande wa wanawake, akavishwa taji la majani, muda ukatangazwa, masaa mawili na dakika 31 na sekunde zake, jina juu kabisa. Kumbe alikuwa ameingilia barabarani karibu na mwisho. Baada ya siku chache wakamnyang'anya ushindi akapewa Jacqueline Gareau wa Kanada aliyeukimbia kweli. Huyo alikuwa na orodha bila kilomita, wewe una kilomita bila orodha. Ukisema wewe ni tapeli nataka umuangalie Ruiz halafu ujiangalie wewe unayechechemea pembeni ya barabara meza za maji zimeshaondoka, uniambie mnafanana wapi.

Halafu kuna Dorando Pietri wa Italia, Olimpiki ya London 1908. Aliingia uwanjani wa kwanza lakini amechoka mpaka akageukia upande ambao sio, akaanguka, akainuka, akaanguka tena, mwisho wasimamizi wakamshika na kumsaidia kuvuka mstari. Wakamuondoa kwenye matokeo, na kwa haki kabisa, kwa sababu alisaidiwa. Mshindi ni Johnny Hayes wa Marekani, ndivyo ilivyoandikwa na ndivyo inavyobaki. Kesho yake Malkia Alexandra akampa Pietri kikombe cha fedha kilichopakwa dhahabu. Kikombe hakikubadilisha matokeo na matokeo hayakukirudisha kikombe. Nimekuletea huyu kwa ajili ya medali yako. Yule binti na maboksi yake hakukuandika kwenye orodha, hana uwezo huo, alikupa kitu alichokuwa nacho mkononi kwa sababu aliona umefika. Kama nafsi inakusumbua sana unaweza kuwaandikia waandaaji ukawaeleza ilivyokuwa na kuuliza. Hatari ya kuuliza unaijua, wanaweza kukuambia irudishe na itabidi urudishe kweli. Ila pia hutalala tena ukijiuliza ni ya nani. Wapo watakaokwambia wewe kaa nayo usiulize kitu, na hao nao sina ugomvi nao.

Watu wakitaka kukufariji watakutajia John Stephen Akhwari na goti lake lililofungwa bandeji, Mexico 1968. Wana nia njema ila mfano haukai sawa, kwa sababu Akhwari alikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza na matokeo yake yamo kwenye kumbukumbu za Olimpiki. Ukimtumia yeye kama ngao mbele ya shemeji yako atakujibu kwa sekunde mbili. Afadhali umtaje Shizo Kanakuri wa Japani, aliyezidiwa na joto kwenye marathoni ya Stockholm 1912 akaondoka kimya kimya bila kuaga waandaaji, mwaka 1967 wakamualika akarudi kumalizia, wakamwandikia muda wa miaka 54, miezi 8 na siku zake. Angalau huyo atawachekesha wote.

Lakini ninayetaka umfikirie kweli ni Eliud Kipchoge. Tarehe 12 Oktoba 2019 pale Vienna alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40. Haikuingia kwenye rekodi za dunia, kwa sababu hazikuwa mbio za wazi, wasindikizaji walikuwa wanapokezana kumkinga upepo, gari mbele linamulika mistari barabarani ya kuwaonyesha wakae wapi. Miaka minne baadaye marehemu Kelvin Kiptum akakimbia Chicago kwa 2:00:35, polepole kuliko hiyo ya Vienna kwa sekunde 55, na yake ndo ikawa rekodi. Sijawahi kumsikia mtu mwenye akili zake akimwita Kipchoge muongo anaposema amekimbia chini ya masaa mawili. Tangu siku ya kwanza dunia nzima ilijua masharti yalikuwaje, wasindikizaji wale, gari lile, na kwamba haitahesabiwa. Aliyetaka kupiga makofi akapiga akijua anapigia nini.

Hapo ndo nakurudisha kwenye posti yako. "Marathoni imeisha, Mungu ni mwema." Sikuiti muongo, usinielewe vibaya. Nakuuliza tu, ulipoandika ile sentensi, lile gari na zile kilomita za pembeni uliziacha kwa sababu ulikuwa umechoka na posti lazima iwe fupi, au kuna sehemu ndani yako ilisema nikielezea itapungua thamani? Sihitaji jibu lako, wewe ndo unalihitaji. Kwa sababu mimi nilipokuwa nasoma barua, kilomita 25 za mwanzo ulizokuwa vizuri nilizipita hata sikuziona. Niliposimama ni pale kijana aliposhuka kwenye gari. Yaani ile sehemu uliyoificha kwenye posti ndo sehemu ambayo mimi ningetambia.

Na huo msemo wa mama, kizuri chajiuza. Namheshimu mama na msemo una ukweli wake. Ila kizuri kinajiuza kikiwa mahali watu wanakiona. Kilomita zako za mwisho hakuna aliyeziona, mashabiki wameondoka, geti limelala chini, na shahidi wako ni binti mmoja ambaye hata jina lake hulijui. Usiposema wewe nani atasema? Kuna vitu vinavyofanyika peke yako gizani, vya mitihani ya usiku, vya kuuguza mgonjwa, vya kuacha pombe, na mwenye navyo akinyamaza ndo vimeisha hivyo. Sijui kama mama alikuwa anakataza kusema, au alikuwa anakataza kuongeza chumvi. Kama yupo hai muulize, inawezekana miaka yote hii umekuwa unatii kitu ambacho hakukisema.

Tuje kwa shemeji. Umemsoma kama adui na inaweza kuwa kweli, vile vikatuni vya kucheka mbele ya familia nzima vilikuwa vya kudhalilisha na sitamtetea kwa hilo. Ila jiulize alijua nini siku ile. Aliona picha ya medali, akaona matokeo, jina hakuna. Kuhusu gari alikuwa hajui, kuhusu 33 mpaka 42 alikuwa hajui. Kwa macho ya mkimbiaji, mtu mwenye medali asiye kwenye matokeo mara nyingi ni yule aliyekatisha njia. Na ile kauli yake ya watu wanaoamka alfajiri miaka na miaka, mimi naisikia kama mtu anayeogopa kwamba kitu chake kikigawiwa kwa kila mtu kitabaki cha nini. Ana hoja pale. Hoja yake inaishia mahali pamoja tu, anadhani wewe umekuja kuchukua kitu chake wakati masaa yake matatu hayajaguswa na mtu yeyote.

Unaweza kumpigia simu ukamsimulia yote kuanzia kilomita ya 25, bila kujitetea, kama vile unamsimulia mkimbiaji mwenzio. Wakimbiaji wana udhaifu na stori za goti. Inaweza kumgeuza na inaweza isimguse, wapo wanaong'ang'ania sheria mpaka kaburini. Unaweza pia kuandika kwenye lile lile grupu, "Jina halipo shem kwa sababu nilifika dakika 24 baada ya muda kuisha, gari lilitaka kunibeba nikakataa", basi, bila kumrushia kijembe. Faida yake ni kwamba waliokuona unadhalilishwa ndo hao hao watakaosikia. Hatari yake ni kwamba mwingine ataona umekiri kosa na utani utaanza upya. Kunyamaza nako ni njia, watu husahau haraka, lakini nakuona wewe hujasahau.

Sasa mume. Umesema amesoma hajajibu mpaka leo. Umemuuliza? Kwenye barua sijaona mahali ulipomuuliza. Umemhesabia kwamba kimya chake kinamaanisha anakubaliana na mdogo wake, na mimi sijui, wewe pia hujui. Wapo wanaume ambao wakiona mke na ndugu wa damu wamegusana wanakimbilia kimya wakidhani wanazima moto. Wapo ambao wanaona aibu. Wapo ambao "we si unajua mwenyewe" ndo lugha yao ya kusema sikuzuii. Na inawezekana pia hakujali, hilo nalo lipo na likiwa hivyo litauma. Ninachoshuku ni kwamba kama angeandika mstari mmoja tu pale kwenye grupu, "mke wangu kafika", usingeniandikia barua hii wala usingekuwa unatafuta mtu wa kukupa haki. Kama nimekosea nisamehe. Ila kama nimegusa penyewe, basi hayo ni mazungumzo ya usiku watoto wakilala, hayahusiani na marathoni wala na Ijumaa.

Ofisini ndo nina tahadhari zaidi. Kinachoniogopesha ni kile watakachoandika wao. Watu wa jarida wanapenda sentensi safi, utashangaa umeandikwa "mhitimu rasmi wa marathoni" na picha ya medali imekuzwa ukurasa mzima, na pale neno litakuwa limetoka mdomoni kwako hata kama hukulisema. Ukikubali, omba kuona maandishi kabla hayajachapwa na sema tangu mwanzo nilifika baada ya muda kuisha. Wakisema basi haifai, umepoteza jukwaa, na jukwaa la kwanza maishani si kitu kidogo kulipoteza, sitajifanya halitakuuma.

Na kuna jambo ambalo sidhani umelifikiria. Mbele yako watakaa watu wenye presha kama yako, wanaoanza wiki hii kupanda ngazi. Ukiwasimulia ulivyokataa gari watapiga makofi, na mmoja wao siku moja atakataa gari kwa sababu yako, akiwa na moyo ambao sio wako, mahali ambapo maji hakuna na nesi hakuna. Wewe ulifika salama, nashukuru. Daktari wako ungemuuliza siku ile angekwambia nini? Sisemi usisimulie, nasema na hilo lisimulie, pamoja na kwamba yule kijana wa gari alikuwa anafanya kazi yake vizuri na waliopanda hawakuwa waoga. Inawezekana hata stori kubwa kwa watu wale ikawa ile ya ghorofa ya tatu, kujifanya unaangalia simu. Hiyo haina muda wa mwisho na hakuna matokeo ya kupekua.

Najua kuna wazo lingine limeshakupitia, la kurudi mwakani ukimbie tena ufike ndani ya muda uwanyamazishe wote. Linavutia. Goti likaonwe kwanza na mtaalamu, halafu uchague mbio zenye muda mrefu zaidi, zipo. Ila kabla hujajiandikisha jiulize unamkimbilia nani, kwa sababu ukipata lile jina kwenye orodha shemeji anaweza kukuambia sasa punguza muda, na aliyepunguza muda ataambiwa na mwingine mbona hujashinda. Ukirudi kwa sababu unapenda, rudi, mimi mwenyewe nitafurahi kupata barua yako nyingine.

Kwa hiyo haki unayoniuliza mimi sina mahali pa kuichukua nikupe. Ninachoweza ni kukuomba ujaribu kitu leo usiku, andika yote kwenye karatasi kama ungeitamba bila mtu wa kukusahihisha, na muda wa mwisho, na gari, na dakika 24, halafu ujisomee kwa sauti uone kama bado unajisikia kutamba. Ijumaa ikifika hujaamua waombe wiki moja zaidi, jarida la kazini halifi kwa kusubiri wiki.